Muulize Mtu wa Maabara: Pipa linasema 63, maabara inasema 57

Mwezi huu maswali mengi yametoka Tanga mjini na karibu yote yanazunguka jambo moja, flashi pointi. Sijui ni joto la kaskazi au ni wakaguzi wamepita kwenye magodauni, lakini vyovyote vile nimeyakusanya pamoja. Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: flashi pointi ni joto la chini kabisa ambalo kimiminika kinaanza kutoa mvuke wa kutosha kuchanganyika na hewa iliyo juu yake, kiasi kwamba ukisogeza kimoto kidogo ule mvuke unawaka ghafla halafu unazimika. Unawaka mvuke, siyo kimiminika chenyewe, hilo lishike maana tutalirudia sana humu. Ukipasha zaidi kidogo unafika mahali moto hauzimiki tena, hiyo ni faya pointi. Na joto la kitu kujiwakia chenyewe bila kimoto ni habari nyingine kabisa, msizichanganye hizi tatu kama nilivyoona kwenye barua moja.

SWALI: Shikamoo mzee. Mie nasimamia stoo ya kiwanda hapa Tanga. Tumeletewa mapipa ya dawa ya kuoshea grisi kwenye mashine, SDS ya muuzaji (ile karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali) inasema flashi pointi 63 kwa hiyo eti siyo mzigo wa hatari, na kweli pipa halina ile alama ya moto. Bosi akataka uhakika, tukapeleka sampuli maabara ikarudi 57. Muuzaji anasema maabara za Bongo hazijui kupima. Nani mkweli? Na kwani nyuzi sita zina shida gani wakati stoo yetu haifiki hata hamsini?
*Msimamizi wa stoo, Tanga mjini*

Marahaba mwanangu. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli na bado muuzaji akawa na makosa, subiri nikueleze.

Chukua hiyo SDS, fungua kipengele cha 9, pale kwenye sifa za kifizikia na kikemia, halafu usisome namba peke yake, soma maandishi yaliyo pembeni ya namba. Karatasi iliyoandikwa na mtu anayejua kazi inataja na njia iliyotumika. Kuna kupima kwa kikombe cha wazi na kuna kupima kwa kikombe cha kufunikwa. Kwenye cha wazi, mvuke unapanda unajiondokea zake na hewa ya chumba, kwa hiyo inabidi upashe zaidi ndo ujikusanye wa kutosha kuwaka. Kwenye cha kufunikwa mvuke umebanwa hauna pa kwenda, unawaka mapema. Kitu kilekile, siku ileile, kikombe cha wazi kitakupa namba ya juu kwa nyuzi kadhaa. Nyuzi sita tofauti mie hainishangazi hata kidogo.

Unaweza kusema labda ni tofauti ya kawaida ya maabara mbili. Hebu tupige hesabu. Kwa njia ya Pensky-Martens, ambayo ni ya kikombe cha kufunikwa na ndo nakisia walitumia maana inatumika sana kwa vitu vinavyowaka juu ya nyuzi 40, maabara mbili tofauti zikipima kitu kimoja zinaruhusiwa kupishana kama asilimia 7 ya namba yenyewe. Kwenye 60 hiyo ni nyuzi 4 na kidogo. Nyie mmepishana sita. Kwa hiyo ama njia zilikuwa tofauti, ama mzigo wenyewe siyo uleule uliopimwa mara ya kwanza, ama sampuli ilichezewa njiani, lakini kusema tu eti hawajui kupima ni maneno ya mtu anayetaka kuuza.

Sasa hapa ndo penye utamu. Kwenye kanuni za usafirishaji za Umoja wa Mataifa, kimiminika kinaingia daraja la 3, yani vimiminika vinavyowaka, kikiwa na flashi isiyozidi nyuzi 60 kwa kikombe cha kufunikwa. Kwa kikombe cha wazi mpaka ni 65.6. Umeona? Kwa hiyo kama ile 63 yake ni ya kikombe cha wazi basi kwa namba yake mwenyewe mzigo bado umo ndani ya daraja la 3, amechukua namba ya kikombe cha wazi akaipimia kwa mpaka wa kikombe cha kufunikwa, na huo mchezo nimeuona mara nyingi, mara nyingine kwa kutojua na mara nyingine kwa kujua sana. Kwenye alama za GHS, yani mfumo wa kimataifa wa kuainisha na kuwekea kemikali alama, ni hivyohivyo: kuanzia 23 mpaka 60 ni kundi la 3 na pipa linatakiwa kubeba alama ya moto ndani ya pembe nne yenye mstari mwekundu, ikizidi 60 mpaka 93 ni kundi la 4, na hilo la 4 halina alama ya moto, lina neno la onyo tu. Ndo maana pipa lako ni safi halina kitu. Nyuzi tatu tu juu ya mpaka na alama inapotea.

Hilo la stoo kutofika hamsini, mwanangu, umepima? Usikisie. Godauni la bati lisilo na dari, mchana wa Februari hapa Tanga, linapita 40 bila kutoa jasho, na pipa jeusi lililoachwa nje kwenye jua lina joto lake lenyewe halifuati la kivulini. Kwenye miongozo ya Ujerumani wanasema kama unataka kuwa na uhakika kwamba juu ya kimiminika hakuna mvuke wa kuwaka, joto lake libaki chini ya flashi kwa nyuzi 5 kama ni kitu kimoja safi, na nyuzi 15 kama ni mchanganyiko. Dawa ya grisi ni mchanganyiko. 57 toa 15 ni 42. Sasa niambie stoo yako mchana inasoma ngapi.

Na swali ambalo hukuniuliza ndo linaninyima usingizi zaidi: mafundi wanaitumiaje? Maana dawa za namna hii watu wanapenda kuzipasha kwenye beseni ili grisi itoke haraka, anayeamini 63 akipasha mpaka 55 anajiona yuko salama, kumbe ameshafika mlangoni, na pembeni kuna mtu anakata chuma kwa grainda. Piga marufuku kupasha leo, usisubiri barua za muuzaji. Halafu mwandikie kwa maandishi akutajie njia, mwaka wa kipimo, na maabara. Akikataa peleka sampuli mpya iliyochukuliwa mbele yake, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au TBS, ulizeni kwanza kama njia hiyo wanaifanya na chombo cha kuchukulia sampuli kiweje.

SWALI: Asalam aleikum. Mimi nachanganya sanitaiza na marashi ya spirit nyumbani, Ngamiani, nauza kwa rejareja. Nanunua ethanoli kali naichanganya na maji ibaki asilimia 70. Mpangaji mwenzangu anasema naweka bomu ndani, mimi namwambia nimeshaiwekea maji. Yupi sahihi?
*Mama Marashi, Ngamiani*

Waaleikum salaam dadangu. Mpangaji mwenzio, ingawa bomu ni neno kubwa kidogo. Ethanoli safi flashi yake ni nyuzi 13. Ukiitia maji ikabaki asilimia 70 inapanda iwe baina ya 17 na 21 hivi kutegemea umepimaje hiyo asilimia, kwa uzito au kwa ujazo. Chumba chako Ngamiani hata usiku wa manane hakishuki huko. Maana yake ni kwamba kila unapofungua lile dumu, mvuke wa kuwaka upo tayari unangoja kibiriti. Hata ukiipunguza makali mpaka 40 flashi yake ni kama 26, bado iko chini ya joto la chumba chako. Ni ikifika asilimia 10 hivi ndo inapanda kwenye 49, na sanitaiza ya asilimia 10 hata inzi haimsumbui.

Kwa hiyo maji hayajakuokoa, yamepunguza makali tu. Changanyia uani penye upepo, siyo chumba kimoja na jiko la mkaa wala chetezo cha udi, na hapo nakuambia kabisa kwa sababu watu wa marashi na udi hawaachani. Weka kidogo kidogo ndani, dumu kubwa libaki mbali na jikoni, kifuniko kikazwe. Na moto wa spirit ni wa bluu iliyopauka, mchana hauonekani vizuri, unaweza ukadhani umezima kumbe mkono wako ndo unawaka.

SWALI: Habari mtaalamu. Niko fildi kwenye maabara, nasomea diploma. Nimepewa dizeli nipime kwa Pensky-Martens ya kutumia mkono. Mara ya kwanza nimepata 61, nikarudia 66, nikarudia tena 58. Msimamizi amenicheka tu hajanielekeza. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi wa fildi*

Msimamizi wako angekuelekeza kwanza halafu akacheka baadaye, lakini haya. Mtu mmoja, mashine moja, dizeli ya nyuzi 60, anatakiwa apishane na nafsi yake isizidi kama 1.7. Wewe umepishana nane. Tuanze na maswali, jibu moyoni.

Hiyo 66, je ulitumia dizeli mpya au uliacha ileile kwenye kikombe ikapoa ukapasha tena? Maana wengi wanafanya hivyo kuokoa sampuli. Sampuli ya flashi inapimwa mara moja inamwagwa. Ukishaipasha vile vyepesi vimeshaondoka, na ni vile vyepesi ndivyo ulikuwa unavitafuta, kwa hiyo mara ya pili itasoma juu siku zote. Na 58, kabla ya kumimina ulioshea kikombe nini? Kama ni asitoni au petroli na hukukausha mpaka pakavu kabisa, tone lililojificha kwenye mtaro wa kifuniko linatosha kukushushia namba. Asitoni flashi yake iko karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, fikiria inafanya nini ndani ya dizeli.

Kazi yenyewe ikoje ikifanyika sawasawa. Unajaza kikombe mpaka kwenye alama ya ndani, siyo juu yake siyo chini yake, unafunika, unawasha kimoto cha majaribio ukirekebishe kiwe cha milimita 3 mpaka 4, kidogo kabisa. Unapasha kwa kasi ya nyuzi 5 mpaka 6 kwa dakika huku kikoroga kinazunguka mara 90 mpaka 120 kwa dakika. Unaanza kuonja moto joto likiwa kama nyuzi 23 chini ya pale unapotegemea, yani kwa dizeli ya 60 unaanza kwenye 37 hivi. Halafu kila nyuzi moja inapopanda unasimamisha kikoroga, unazungusha kitasa, kidirisha cha kifuniko kinafunguka na kimoto kinazama ndani kwa nusu sekunde, kinakaa sekunde moja, kinarudi juu. Unakoroga tena. Ikiwa kitu chako kinawaka juu ya 110 unaonja kila nyuzi mbili.

Sasa utakapokaribia utaona kimoto kinapata duara la bluu kukizunguka, kinavimba kama vile kinataka kusema kitu. Hiyo SIYO flashi. Wanafunzi wengi wanaandika hapo hapo. Flashi ya kweli ni pale mwali unapotambaa wenyewe juu ya uso wote wa mafuta, unauona umetapakaa, wakati mwingine unasikia na kisauti. Soma themomita wakati uleule, siyo ukimaliza kushangaa.

Na ikitokea imewaka mapema sana, chini ya nyuzi 18 tangu uanze kuonja, au imechelewa zaidi ya 28, hiyo namba ni ya kukadiria tu, chukua sampuli mpya uanze upya ukitumia namba hiyo kama ndo unayoitegemea. Kuna feni humo maabara? Zima. Najua ni Tanga, najua joto, zima hivyohivyo, funga na dirisha la upande wa upepo, maana upepo unapeperusha mvuke kwenye kidirisha. Maji kwenye sampuli pia yatakuharibia, dizeli yenye ukungu ikaushe kwanza.

Kitu cha mwisho kwenye hili ambacho hata waliokomaa wanakisahau ni shinikizo la hewa. Namba inarekebishwa iwe kama vile umepimia kwenye kilopaskali 101.3, kila kilopaskali moja iliyopungua unaongeza robo ya nyuzi. Sisi tuko usawa wa bahari hapa tofauti ni ya kupuuza. Ila peleka mashine ileile Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa huko ni kilopaskali 86 hivi, unatakiwa uongeze karibu nyuzi 3.8. Asiyerekebisha anaikataa dizeli isiyo na kosa. Na namba ya shinikizo isome kwenye barometa yako mwenyewe ya chumbani, usipige simu uwanja wa ndege, maana ya kwao mara nyingi imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari na utajikuta hujarekebisha kitu.

Kwa faida yako, vikombe hivi vina historia. Mwingereza Frederick Abel alitengeneza cha kwake cha kufunikwa na sheria ya mafuta ya Uingereza ya 1879 ikakichukua, na mpaka wa flashi ukawekwa kwenye 73 za Farenhaiti, kama 22.8 za kwetu, kwa sababu mafuta ya taa ya kuchakachua yalikuwa yanachoma watu majumbani. Kabla yake walikuwa wanatumia kikombe cha wazi na mpaka wa 100 za Farenhaiti. Yani ugomvi wa muuzaji na yule mwanangu wa stoo hapo juu ni wa zamani kuliko reli ya Tanga. Pensky na Martens wao ni Wajerumani walioboresha kwa ajili ya mafuta mazito. Kikombe cha Abel hakijafa, mafuta ya taa bado yanapimwa nacho, na hapo lazima upooze sampuli kwanza maana mafuta ya taa ya 40 kwenye chumba cha 31 yameshafika nusu ya safari hujaanza kazi.

SWALI: Mambo vipi kaka mkubwa. Nina karakana ya fenicha Makorora. Juzi kijana alikuwa anapiga sila, ile ya kupaka mbao, huku mlangoni, jiko la chai liko kule ndani kabisa, ghafla moto ukatokea jikoni ukaja mpaka kwenye ndoo ya thina. Hakuna aliyemwaga kitu. Namshukuru Mungu ameungua nyusi tu. Moto ulitembeaje?
*Fundi wa Makorora*

Poa, pole sana na mpe pole kijana. Ulitembea chini. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, wa toluini ni mara tatu hivi, wa asitoni mara mbili, haupandi juu ukatoka dirishani kama moshi, unamwagika kutoka kwenye ndoo unatambaa sakafuni unaingia kila shimo mpaka ukute moto. Ukishaukuta, mwali unarudi njia ileile kwenye chanzo. Ndo ulichokiona.

Thina ya sila kila kiwanda kina mchanganyiko wake lakini ndani mara nyingi mna toluini, flashi yake nyuzi 4, na asitoni niliyoitaja kule juu. Na usije ukachukua wastani. Mchanganyiko ni kama ugomvi wa mtaani, anayeuanzisha ni yule mwenye hasira za karibu, siyo wastani wa hasira za mtaa mzima. Asitoni kidogo tu kwenye pipa na flashi ya pipa lote inashuka kuelekea kwake.

Sasa mtu atakushauri uhamie tapentaini au thina ya rangi za mafuta, hiyo yenye flashi ya 35 mpaka 40. Ni nafuu, sikatai. Ila kuna mambo mawili. Kwanza 35 na 38 ni namba zinazoonekana za kistaarabu kwa mtu wa nchi ya baridi, chumba chake kina 20, ana nafasi kubwa. Makorora saa nane mchana nafasi hiyo huna. Pili, ukipiga kwa bunduki ya kupulizia unatengeneza ukungu wa matone, na ukungu unawaka hata kama kimiminika chenyewe kiko chini ya flashi yake, kwa sababu tone dogo linapata joto mara moja. Na kitambaa kilicholowa ni hivyohivyo, mafuta ya taa kwenye beseni yanaweza yakakataa kiberiti lakini kwenye utambi yanawaka kila siku.

Kwa hiyo jiko la chai litoke nje ya jengo, siyo chumba cha pili, NJE. Swichi za umeme na grainda zisiwe karibu na chini wanakopigia sila. Ndoo ifunikwe, mimina ya kutumia tu. Na vitambaa vya mafuta ya kitani, wale mnaopaka, msivirundike kwenye kona: mafuta ya kitani flashi yake inazidi 200 na ukiangalia namba utaona hayana neno, lakini kitambaa chake kikikunjwa kinajipasha chenyewe polepole mpaka kinashika moto usiku mmelala. Flashi pointi haikuonyi kila kitu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni nahodha wa boti ya injini ya ndani, tunashusha mzigo pale Deep Sea. Nimeuziwa dizeli ya bei rahisi kwenye madumu, inanukia petroli. Naweza kuipima mwenyewe kwa kiberiti? Au nilete kidogo kwenye chupa ya maji mnipimie?
*Nahodha, Tanga*

Marahaba nahodha. Kiberiti hapana, tena hapana kwa herufi kubwa. Petroli flashi yake iko karibu na nyuzi 40 chini ya sifuri, yani hakuna mahali Tanzania ambapo haitoi mvuke wa kuwaka, wala juu Kilimanjaro. Waliokuwa pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 hawakuhitaji kupasha kitu, lori lilianguka watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 walipoteza maisha. Hata asilimia 1 tu ya petroli ndani ya dizeli inaweza kuishusha chini ya kiwango, kile cha Ulaya kinachotaka izidi 55 na cha Marekani cha 52.

Kwenye meli kubwa mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, umeweka 60 kwa mafuta ya injini, tofauti na malori ya nchi kavu, na sababu unaijua kuliko mie: chumba cha injini kiko chini ya sitaha, mvuke mzito ukishuka huko haupati pa kutokea, na injini ina moto wake. Boti yako haibanwi na SOLAS lakini tumbo lake ni lilelile. Hiyo dizeli usiitie. Kama umeshaitia usiwashe injini, fungua vifuniko vyote upepo uingie kwanza.

Na chupa ya maji, usilete. Plastiki ya namna hiyo inapitisha vitu vyepesi polepole kwenye kuta zake, na kizibo chake hakibani, ukifika maabara ile petroli unayoilalamikia imepungua, tutakupa namba nzuri ya uongo na aliyekuuzia atakucheka. Leta kwenye chupa ya kioo cheusi au kopo safi la chuma lenye kizibo cha kubana, lisijae mpaka mdomoni wala lisibaki nusu tupu, lifike likiwa limekaa kwenye kivuli au barafu. Tunalipoza kabla ya kufungua. Na dumu lenyewe usiligeuze mara nyingi ukinusanusa, kila ukifungua unapoteza ushahidi.

YA HARAKA HARAKA

*Mafuta ya kukaangia bagia nayo yana flashi?* (Mama wa bagia, barabara ya 12)

Yana, huko karibu na 300 au zaidi, bagia zinakaangwa kama 180 hivi kwa hiyo una nafasi. Yakianza kutoa moshi mwingi punguza moto. Yakishika funika na kifuniko cha sufuria, usimwagie maji.

*Bomba la Chongoleani mafuta yatapashwa njia nzima kilomita 1,443 kutoka Hoima, si yatapita flashi pointi yakalipuka?* (Mkazi wa Chongoleani)

Yanapashwa kwa sababu yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo yanawekwa juu ya nyuzi 50. Ni kweli mafuta ghafi mengi flashi yake iko chini ya hapo. Lakini rudi kwenye maana yake: mvuke uchanganyike na HEWA. Bomba lililojaa halina hewa ndani, hakuna cha kuwaka. Pa kuangalia ni kwenye matangi na mahali pa kupakilia melini, palipo na nafasi juu ya mafuta, ndo maana matangi mengi ya mafuta ghafi duniani paa lake linaelea juu ya mafuta yenyewe.

*Lile bango la rangi ya chungwa kwenye malori ya mafuta yanayotoka Raskazone lina namba juu na chini, ni za nini?* (Kijana wa bodaboda, Chumbageni)

Namba ya chini ni ya bidhaa: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1170 ethanoli. Ya juu ni ya hatari yake: 30 ni kimiminika chenye flashi ya kati ya 23 na 60, 33 ni kile cha chini ya 23. Ukikuta lori la 33 limepinduka zima bodaboda yako ukiwa bado mbali, kaa upande upepo unakotokea, piga 114 uwasomee hizo namba zote mbili, na abiria wako asishuke kwenda kuchungulia.